Vumbi Halina Hesabu ya Kutoa: Sifa za Msingi za Integrali katika Afya ya Mchimbaji

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama mkoani Shinyanga hadi Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, mgonjwa anayefika zahanati na kikohozi kisichokoma aghalabu huulizwa swali moja tu kuhusu kazi yake: "Umekaa machimboni muda gani?" Jibu huandikwa kwa miezi au kwa miaka, kisha karatasi hugeuzwa. Wanaume wawili wanaweza kujibu "miaka mitatu" kwa ukweli kabisa, mmoja akiwa ametoboa mwamba chini ya ardhi na mwingine akiwa amepika chai kando ya duara. Miaka yao ni sawa. Mapafu yao si sawa. Swali la kiwango cha vumbi likiulizwa peke yake halitoshi vilevile, kwa sababu vumbi zito la dakika tano na vumbi zito la msimu mzima si mzigo mmoja.

Kinachotafutwa ni kiasi kinachounganisha mambo hayo mawili, kiwango na muda, hata pale ambapo kiwango hubadilika saa kwa saa. Wanahisabati wana jina la kiasi hicho: integrali. Somo hili linaeleza sifa chache za msingi za integrali kama zinavyofahamika katika nadharia ya kipimo, na kuzitumia kwa vumbi la silika na mvuke wa zebaki. Hakuna hesabu humu inayozidi kuzidisha, kugawanya na kujumlisha, na mgonjwa aliyemaliza darasa la saba anaweza kuifuata sambamba na daktari wake.

Njia mbili za kuhesabu fedha za siku

Muuza duka anapofunga duka jioni anaweza kuzihesabu fedha za siku kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufuata mpangilio wa mauzo: shilingi 2,000 za asubuhi, kisha 500, kisha 10,000 za yule mteja wa saa nne, na kuendelea hadi mwisho wa daftari. Ya pili ni kumwaga droo mezani, kuzitenga noti za 10,000 pamoja, za 5,000 pamoja, za 2,000 na za 1,000 pamoja, kisha kuuliza kila fungu lina noti ngapi. Jumla ni ileile. Njia ya pili ina faida kwamba haijali fedha ziliingia kwa mpangilio gani, na ndiyo maana wenye maduka wengi huipenda bila kufundishwa na mtu.

Mwaka 1902 Mfaransa Henri Lebesgue aliwasilisha tasnifu iliyoijenga upya dhana ya integrali juu ya njia hiyo ya pili. Yeye mwenyewe aliieleza kwa mfano wa mtu anayelipa deni kwa fedha zilizo mfukoni mwake: anaweza kutoa sarafu na noti kadiri mkono unavyozikuta, au azitoe zote kwanza na kuzipanga kwa thamani. Kabla yake integrali ilifahamika zaidi kwa njia ya kwanza, yaani kukatakata muda katika vipande vyembamba na kujumlisha kipande baada ya kipande. Alama yake, ∫, ni ya zamani zaidi. Gottfried Leibniz aliiandika mwaka 1675, nayo ni herufi S iliyonyooshwa, ya kwanza katika neno la Kilatini lenye maana ya jumla.

Kwa mtoa huduma, njia ya Lebesgue ndiyo rahisi. Hakuna mgonjwa anayekumbuka vumbi la kila dakika ya Jumanne iliyopita. Lakini karibu kila mchimbaji anaweza kusema: kwa siku nashinda saa mbili nikitoboa, saa nne kwenye karasha, na zilizobaki kivulini. Hapo amekwisha kupanga noti zake. Kilichobaki ni kuzidisha kila kiwango kwa saa zake na kujumlisha.

Kinachopima ukubwa wa kila fungu huitwa kipimo. Katika mfano huu kipimo ni saa, na fungu la saa huitwa seti. Kipimo kina masharti machache: seti tupu hupata sifuri, hakuna seti inayopata ukubwa ulio chini ya sifuri, na seti zisizogusana zikiunganishwa, ukubwa wake ni jumla ya ukubwa wa kila moja, hata zikiwa nyingi bila kikomo mradi ziweze kuorodheshwa moja baada ya nyingine. Sifa zote za integrali zinazofuata zimeota kutoka kwenye masharti hayo.

Siku moja ya kazi

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tanzania ulipima silika katika hewa wanayoivuta. Wastani kwa waliokuwa wakitoboa mwamba chini ya ardhi ulikuwa miligramu 16.85 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa kazi za juu ya ardhi ulikuwa 0.19. Kikomo kinachopendekezwa na taasisi ya taifa ya usalama na afya kazini ya Marekani ni 0.05. Wastani wa chini ya ardhi, kwa hiyo, ulikuwa mara 337 ya kikomo hicho. Jambo hilo si la kushangaza kwa anayelijua jiwe lenyewe. Mishipa myeupe na migumu inayobeba dhahabu katika ukanda huu ni silika kwa sehemu kubwa, nayo hutobolewa katika nafasi finyu isiyo na upepo.

Ichukuliwe siku ya saa nane ya mtu aliyetajwa hapo juu. Saa mbili kwa 16.85 ni 33.70. Saa nne kwa 0.19 ni 0.76. Saa mbili za kivulini, kwa kurahisisha, ni sifuri. Jumla ni 34.46, na kizio chake ni miligramu-saa kwa kila mita ya ujazo. Mtu aliyefanya kazi saa nane kwenye kikomo kilichopendekezwa angepata 0.40. Siku moja ya huyu ni sawa na siku 86 za yule.

Ni vyema kutazama wapi jumla hiyo imetoka. Karibu asilimia 98 yake imetokana na saa mbili. Saa nne za karasha, ambazo mgonjwa huzieleza kwa kirefu kwa sababu ndizo zenye kelele na ndizo zinazomfanya mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni, zimechangia asilimia mbili tu katika mfano huu. Vumbi linaloonekana kwenye nguo si lile linaloua. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni na kutemwa. Chembe ndogo zisizoonekana kwa macho ndizo zinazofika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu.

Kisichopungua

Sifa ya kwanza ni nyepesi kuitamka: kiwango kisichokuwa chini ya sifuri hakiwezi kutoa integrali iliyo chini ya sifuri, na kila kipindi kipya huongeza jumla au huiacha ilivyo. Hakuna saa yenye vumbi hasi. Kwa hiyo mzigo wa vumbi lililovutwa, kama hesabu, hupanda au husimama, haushuki.

Hapa ndipo imani ya maziwa inapokutana na hisabati. Katika machimbo, kwenye viwanda vya unga na kwa wachomeleaji, nusu lita ya maziwa baada ya kazi huhesabiwa kuwa "inasafisha kifua", na wapo waajiri wanaoyagawa maziwa hayo kwa moyo mwema badala ya maji ya kulowesha mwamba. Maziwa ni chakula kizuri na hakuna sababu ya kumkataza mtu. Lakini maziwa hupita kwenye umio na kuishia tumboni, ilhali chembe ya silika imekaa ndani ya pafu, ambako seli ya ulinzi iliyoimeza hufa na kuiachia tena, ikamezwa na nyingine nayo ikafa, na kila mzunguko huacha kovu. Ugonjwa unaotokana na makovu hayo, silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa, na unaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi. Maziwa hayapunguzi lolote katika jumla. Barakoa inayofaa, upepo wa kutosha na maji ya kulowesha mwamba hupunguza kiwango cha saa zijazo. Saa zilizopita zimekwisha kuandikwa.

Sifa ya pili ni ya kujumlisha vipande. Seti ya muda ikigawanywa katika vipande visivyoingiliana, integrali ya muda wote ni jumla ya integrali za vipande. Maneno mawili yana uzito hapa: "visivyoingiliana" na "wote". Wachimbaji wadogo huhama kwa habari. Sauti ikivuma kwamba kumetokea mlipuko wa dhahabu Mwakitolyo, maduara ya Nyarugusu hupungukiwa watu wiki hiyohiyo. Wengi pia hulima mvua zinaponyesha na kurejea machimboni kiangazi. Maisha ya kazi ya mtu wa namna hii ni vipande vingi vifupi, na anapoulizwa muda gani amekaa machimboni hujibu kwa kipande cha mwisho, kwa sababu ndicho alichodhani kimeulizwa. Akihesabu msimu mmoja mara mbili, kwa sababu duara lilikuwa na majina mawili, jumla itazidi. Akiacha msimu, itapungua. Kosa la pili ni la kawaida zaidi kuliko la kwanza.

Integrali pia huheshimu kuzidisha na kujumlisha viwango. Kiwango kikipunguzwa nusu kwa muda wote, jumla hupungua nusu. Vyanzo viwili vikifanya kazi kwa wakati mmoja, vumbi la tindo lake na vumbi la karasha la jirani, integrali ya vyote pamoja ni jumla ya integrali mbili. Sifa hii huitwa ulinganifu wa mstari, na ina mipaka miwili ambayo husahaulika. Kwanza, hujumlishwa vitu vya aina moja: miligramu za silika na mikrogramu za zebaki haziingii kwenye safu moja ya daftari. Pili, ni mzigo ndio unaofuata mstari, ugonjwa haufuati. Mzigo ukiongezeka maradufu, hatari ya silikosisi inaweza kuongezeka zaidi ya maradufu. Integrali humwambia daktari mgonjwa amebeba nini, haimwambii mwili utalipokeaje.

Dakika kumi si sifuri

Katika nadharia ya kipimo kuna seti zenye kipimo sifuri. Nukta moja ya wakati, mathalani saa sita kamili ya mchana, haina urefu. Kiwango kikiruka juu kwenye nukta hiyo pekee, integrali haibadiliki hata kidogo. Wanafunzi wa hisabati huifurahia sifa hii kwa sababu inawaruhusu kupuuza mambo mengi. Mchomaji wa dhahabu naye huitumia bila kujua, ila huitumia vibaya. Husema: "Mimi huchoma dakika kumi tu."

Mchimbaji mdogo huchanganya mchanga uliosagwa na zebaki. Zebaki huishika dhahabu. Kisha donge hilo huchomwa ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauonekani na hauna harufu ya kumwonya mtu. Takriban asilimia 80 ya mvuke wa zebaki unaovutwa hubaki mwilini, na zebaki hushambulia ubongo na figo. Ichukuliwe, kama nambari ya mfano tu na si kipimo cha mahali popote, kwamba dakika kumi za kuchoma zina wastani wa mikrogramu 6,000 kwa kila mita ya ujazo. Dakika kumi ni sehemu ya sita ya saa. Integrali ni mikrogramu-saa 1,000. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba wastani wa mvuke wa zebaki katika hewa kwa mwaka usizidi mikrogramu 1. Mtu anayeishi kwenye kikomo hicho, usiku na mchana, angehitaji saa 1,000 kufikia jumla hiyo, yaani karibu siku 42. Dakika kumi ni fupi, lakini si seti yenye kipimo sifuri, na kiwango kikiwa kikubwa, ufupi hauokoi.

Upo upande mwingine wa sifa hiyo wenye msaada kwa wakaguzi. Kifaa cha kupima vumbi kinachovaliwa begani kwa siku nzima mara nyingi hutoa jumla tu, au wastani, bila kusema vumbi lilipanda saa ngapi. Hata hivyo jumla peke yake inaweka mpaka. Ikiwa integrali ya siku ni 34.46, muda ambao kiwango kilifika 10 au zaidi hauwezi kuzidi 34.46 gawanya kwa 10, takriban saa tatu na dakika 27. Ungezidi hapo, kipindi hicho peke yake kingetoa jumla kubwa kuliko iliyopimwa. Kanuni hii huitwa kwa jina la Mrusi Andrei Markov. Katika siku ya mfano wetu muda halisi ulikuwa saa mbili, ndani ya mpaka.

Mambo ambayo integrali huyasahau

Muuza duka aliyepanga noti zake kwa thamani hajui tena ni nani aliyelipa kwanza. Integrali ya Lebesgue nayo husahau mpangilio. Miezi sita ya vumbi zito ikifuatwa na miaka miwili ya vumbi jepesi hutoa jumla ileile na miaka miwili ya vumbi jepesi ikifuatwa na miezi sita ya vumbi zito. Kwa silika usahaulivu huo hauleti hasara kubwa, kwa kuwa pafu lenyewe halirudishi kilichozama ndani yake. Ndiyo maana mtu aliyeacha duara miaka kumi iliyopita, akafungua duka la vipuri Kahama mjini na kusahau yote, anaweza kufika hospitalini leo na pumzi fupi, na akaulizwa kuhusu sigara.

Zebaki ni habari nyingine. Mwili hutoa zebaki ya mvuke polepole, na kiasi kilichomo hupungua nusu kwa muda wa takriban miezi miwili. Hapa integrali ya kawaida husema zaidi ya inavyostahili, kwa sababu huihesabu siku ya mwaka jana sawa na siku ya jana. Dawa yake si kuitupa integrali. Hubadilishwa kipimo. Siku ya leo hupewa uzito wa moja, siku ya miezi miwili iliyopita nusu, ya miezi minne robo, ya miezi minane sehemu moja ya kumi na sita. Kisha hujumlishwa kwa uzito huo, na sifa zote zilizotajwa hubaki palepale: haiwi chini ya sifuri, vipande hujumlishwa, kiwango kikiwa kikubwa jumla ni kubwa.

Mtoa huduma anayesoma majibu ya mkojo anasoma integrali hii yenye uzito, apende asipende. Mwanamke aliyechoma dhahabu jikoni kwa miaka mitano, akaacha alipopata ujauzito, akapimwa miezi minane baadaye, ataonyesha mabaki madogo ya alichokuwa nacho. Karatasi itasema kiwango ni kidogo, na itakuwa inasema kweli kuhusu miezi ya karibuni. Haisemi chochote cha kutegemewa kuhusu ile miaka mitano, wala kuhusu mtetemeko wa mikono ulioanza wakati ule. Majibu madogo ya mkojo kwa mtu aliyekwisha kuacha si kibali cha kufuta historia yake.

Kipimo kinaweza kubadilishwa kwa namna nyingine tena. Badala ya saa, zihesabiwe mita za ujazo za hewa iliyovutwa. Mtu anayepiga tindo huvuta hewa nyingi kwa saa kuliko aliyeketi, hivyo saa yake ina uzito zaidi. Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kila kilo ya mwili wake. Anayelala chumba ambamo donge huchomwa hayuko "pembeni" kama wazazi wake wanavyodhani. Hesabu ya saa humweka sawa nao. Hesabu ya hewa kwa kilo humweka mbele yao.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mkataba huo unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo wanaotumia zebaki kwa wingi ziwe na mpango wa kitaifa wa kuipunguza. Kila chombo cha kufungia mvuke kinachotumika, na kila donge lisilochomwa ndani ya nyumba, ni kiwango kilichoshuka kabla ya kuzidishwa kwa muda.

Kuandika "angalau"

Imebaki sifa moja, ambayo chumbani kwa daktari pengine ina faida kuliko zote. Kiwango kimoja kikiwa wakati wote hakipungui kingine, integrali yake nayo haipungui ya kile kingine. Wanahisabati huiita sifa ya kufuata mpangilio. Matokeo yake ni haya: hesabu iliyoacha baadhi ya saa, kwa kuzipa sifuri, haizidi hesabu ya kweli. Historia isiyokamilika haiwi bure. Ni mpaka wa chini. Na kila kipande kinachokumbukwa baadaye hupandisha mpaka huo kuelekea jumla ya kweli bila kuipita. Katika nadharia, ukweli huu kuhusu vikomo vinavyopanda unahusishwa na Mwitalia Beppo Levi, aliyeuthibitisha mwaka 1906.

Ichukuliwe mgonjwa wa kubuni, mwanamume wa miaka 41, aliyekohoa kwa miezi mitano, amepungua uzito, na makohozi yake yamepimwa mara mbili bila kuonyesha vimelea vya kifua kikuu. Kwenye kadi yake imeandikwa: "Mchimbaji, miezi 3." Muuguzi anamketisha upya.

"Baba, hiyo miezi mitatu ni ya duara hili la sasa tu?"

"La sasa, daktari. Si umeuliza la sasa?"

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa kwenye karasha. Miaka miwili hivi."

"Na ujanani, kabla hujaoa?"

Anacheka, kisha anakohoa. "Ujanani nani hakuingia? Kiangazi tukishavuna pamba tunaingia. Misimu miwili naikumbuka vizuri. Mmoja sina hakika, nadhani nilikuwa nimeugua."

Muuguzi anachukua kalamu. Duara la sasa: siku 60, saa mbili za kutoboa kila siku, ni saa 120, mara 16.85 ni 2,022. Karasha: saa 1,200 kwa mwaka, miaka miwili, ni saa 2,400, mara 0.19 ni 456. Misimu miwili ya ujana, kila mmoja sawa na huu wa sasa: 4,044. Msimu wenye shaka anaupa sifuri. Jumla ni 6,522.

Nambari hiyo ilinganishwe na nyingine. Mtu anayefanya kazi saa 2,000 kwa mwaka kwa miaka 40 kwenye kikomo cha 0.05 hukusanya 4,000 katika maisha yake yote ya kazi. Jibu la kwanza la mgonjwa, "miezi mitatu", lingetoa 2,022, nusu ya hapo, na msomaji wa kadi angeweza kusema kwamba vumbi si sababu. Historia yenye tundu moja imekwisha kuvuka mzigo wa miaka 40. Msimu wenye shaka ungeongeza 2,022 na kufanya 8,544, lakini uamuzi haubadiliki, kwa hiyo hakuna haja ya kumsumbua nao. Ni kweli kwamba 16.85 ni wastani wa maduara ya watu wengine, na duara lake linaweza kuwa nafuu au baya zaidi. Nambari yake ni makadirio, wala isipelekwe mbele kama kipimo. Hata wastani huo ukikatwa kwa theluthi moja, jumla hubaki juu ya 4,000.

Silikosisi huongeza sana hatari ya kifua kikuu, hivyo majibu mawili ya makohozi yasiyo na vimelea hayafungi mlango wa ugonjwa huo, wala hayafungi wa silikosisi yenyewe. Mgonjwa huyu anahitaji picha ya kifua itakayosomwa na mtu aliyeambiwa kuhusu vumbi, kwa kuwa makovu ya silika na ya kifua kikuu hufanana machoni pa asiyeambiwa. Anahitaji pia makohozi yapimwe tena, na shauri la wazi kuhusu kurudi chini ya ardhi.

Kwenye kadi, chini ya ile "miezi 3" ambayo haikufutwa, muuguzi anaandika: "Kutoboa chini ya ardhi, angalau misimu mitatu. Karasha, miaka miwili. Silika, angalau 6,500 mg-saa kwa mita ya ujazo, makadirio. Picha ya kifua: tafadhali soma ukijua hilo."